Shamba Lisilotajwa Katika Sala



Katika ombi la sita la Sala ya Bwana twamwomba Baba yetu asituache tuanguke majaribuni. Martin Luther, alipolieleza ombi hilo katika Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, alikwisha kutufundisha kwamba Mungu hamjaribu mtu. Watudanganyao ni Ibilisi, ulimwengu na mwili wetu wenyewe. Kila kijana aliyebarikiwa kipaimara katika milima hii ya Upare ameyajibu maneno hayo mbele ya usharika, na wengi wetu twaweza kuyasema hata tukiamshwa usiku wa manane. Tena twajua neno la Yakobo, katika sura ya nne ya waraka wake, ambapo kumpinga Shetani na kumkaribia Mungu vimewekwa pamoja kama ng'ombe wawili chini ya nira moja. Basi twafundisha hivi: Mkaribieni Mungu, nanyi mtashinda majaribu.

Lakini mtu akituuliza, "Kwa namna gani? Kumkaribia Mungu kwanizuiaje nisiibe, nisizini, nisiende kwa mpiga ramli?" wengi wetu twanyamaza, au twajibu upesi kwa maneno ambayo hatukuyapima. Swali hilo si la watoto, nasi twataka kulitazama leo.

Wako wanaodhani kwamba ukaribu na Mungu ni kama hirizi. Mtu akisali asubuhi, akivaa msalaba shingoni, akiweka Biblia chini ya mto, yule Mwovu hataweza kumsogelea. Wengine hudhani ni kama chakula cha mpiganaji: ukisali sana wapata nguvu nyingi, na siku ya jaribu utamwangusha Shetani kwa mweleka. Dhana ya kwanza ni upagani uliovikwa kanzu, na hatuna haja ya kukaa juu yake. Dhana ya pili ina ukweli kidogo, lakini huwavunja moyo watu wengi. Kwa maana mtu huanguka, ndipo asemapo, "Kumbe sikuwa na nguvu, basi mimi si wa Mungu," akaacha na kusali pia.

Turudi kwenye bustani ya Edeni. Adamu na mkewe walipokwisha kula tunda, jambo lao la kwanza lilikuwa kujificha. Mungu hakuwa ameondoka bustanini. Alikuwa akitembea kama alivyozoea wakati wa jua kupunga. Waliojitenga ni wao, wakasimama nyuma ya miti. Nasi twasema kwamba kujificha huko kulianza kabla ya tunda kuliwa. Yule nyoka alizungumza na mwanamke juu ya Mungu mazungumzo marefu, wala hatusomi kwamba mmoja wao aligeuka amwulize Mungu mwenyewe neno lile. Walimzungumza kana kwamba hayupo. Kazi ya kwanza ya Mjaribu ni hiyo: kukata katika maisha yetu kipande kidogo ambacho hatusemi na Mungu habari zake. Akikwisha kukipata kipande hicho hana haraka tena. Atalima humo taratibu.

Tukitazama nchi yetu wenyewe tutaelewa. Same mjini na vijiji vya chini, penye reli ya Tanga na barabara kuu iendayo Moshi, ni nchi kavu. Mvua yake kwa mwaka ni kama milimita 500 hadi 600, na mwaka mwingine haifiki. Juu, kuelekea msitu wa Chome na kilele cha Shengena, ambacho chapita meta 2,400, mna ukungu na chemchemi. Kwa hiyo maisha yetu yote hutegemea maji yatelemkayo. Babu zetu walichimba mifereji, nao walijenga ndiva, yale mabwawa madogo ya kukusanyia maji, na ndiva hizo zingaliko, nyingine zimesakafiwa kwa saruji katika siku zetu. Maji hujaa ndani ya ndiva usiku, watu wakiwa wamelala. Asubuhi huzibuliwa, yakaenda mashambani kwa zamu. Kila mtu aijua zamu yake. Na kila mtu ajua jinsi ilivyo rahisi, usiku wa mwezi wa kiangazi, kupanda na jembe mpaka njia panda ya mfereji, kuondoa bonge moja la udongo na kuweka jingine, mahindi ya jirani yakakauka na yako yakanywa.

Mtu huyo aibaye maji si mnyang'anyi wa kutisha. Huenda ni mwimbaji katika kwaya. Ana watoto watano, na mahindi yake yamekwisha kukunja majani. Asubuhi ya siku ile alisali na nyumba yake, akamwomba Mungu chakula cha kila siku, akawaombea wagonjwa, akamwombea na askofu. Jambo moja tu hakulisema: kwamba kiangazi kimemtia hofu, na kwamba tangu juzi moyo wake unakwenda na kurudi kwenye ile njia panda ya mfereji. Kama angalilisema neno hilo kwa Mungu, kwa jina lake, "Bwana, nataka kuiba maji ya jirani yangu," twaamini asingepanda usiku ule. Au angepanda kwa shida kubwa, kwa maana ni vigumu kuchukua jembe mkononi mbele ya macho ya yule uliyekwisha kumwambia. Aliweza kwenda kwa sababu alikwenda peke yake.

Iko habari nyingine katika milima yetu, nayo ni nzito kuliko ya maji. Twasema habari ya mirungi. Wasomaji walio mbali wajue kwamba katika baadhi ya vijiji vya wilaya ya Same mti huu hulimwa mafichoni, juu kwenye mabonde yasiyofikika kwa gari, mara nyingi katikati ya kahawa na migomba. Majani yake machanga hutafunwa ili kuondoa usingizi na njaa. Dawa iliyomo, iitwayo kathinoni, hupungua nguvu upesi jani likikwisha kuchumwa. Baada ya siku mbili hivi mzigo hauna bei. Ndiyo sababu mirungi hukimbizwa usiku, imefungwa kwa majani ya mgomba, na wachukuao ni vijana wetu. Kwa Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 kulima, kuuza na kuchukua mirungi ni kosa katika Tanzania, na katika miaka hii maofisa wa Mamlaka inayosimamia sheria hiyo wamepanda milima ya Same mara kadhaa, wakafyeka mashamba na kuyateketeza kwa moto.

Mzee mmoja wa usharika, mtu mwenye kuheshimiwa, alitujia baada ya ibada akaketi kimya kitambo. Kisha akasema, "Mchungaji, nimeomba mvua miaka mingi. Sasa nimetambua ya kuwa sijapata kumwambia Mungu ninaiombea mvua hiyo shamba gani."

Tulimwuliza, "Baba, una mashamba mangapi?"

Akajibu, "Mawili. La chini namtajia. La juu silitaji."

Hakutuambia shamba la juu limepandwa nini, wala hatukumwuliza, kwa maana alikuwa amekwisha kusema yote. Jibu lake lilikuwa na theolojia kuliko hotuba nyingi tulizozisikia. La juu silitaji. Mtu huyu hakumkana Mungu. Alihudhuria, alitoa sadaka, aliwafundisha wajukuu wake Amri Kumi. Alikuwa karibu na Mungu katika kila jambo isipokuwa moja, na uovu ulikuwa umejenga nyumba yake katika lile moja.

Watu watapinga, wakisema: "Je, mti ni dhambi? Ng'ambo ya mpaka, katika Kenya, wakulima wa Meru huulima mti huo mchana kweupe, na tangu mwaka 2016 umeandikwa miongoni mwa mazao ya serikali. Uingereza nayo iliuruhusu mpaka ilipoukataza mwaka 2014. Dhambi gani hiyo inayoanza na kwisha kwenye mpaka wa nchi?" Swali hili ni la haki, nasi tusilitupe. Kweli jani ni kiumbe cha Mungu, na sheria za mataifa hupishana. Wala hatutaki kusema kwamba serikali ikikataza kitu basi kwa kukataza kwake kimekuwa kiovu tangu kuumbwa ulimwengu. Ila tumwulize mtu huyo maswali mawili. Kijana wako wa miaka 17 ambaye halali usiku, ambaye meno yake yamebadilika rangi na shule ameiacha, wamwombea nini? Na fedha zile zipatikanapo usiku, wamshukuru Mungu kwa ajili yake kwa sauti, watoto wakisikia, kama umshukuruvyo kwa kahawa? Akiweza kujibu maswali hayo bila kutazama chini, tutakaa naye tusemezane zaidi juu ya mipaka na sheria. Tumekutana na wengi wenye kujua habari za Meru. Hatujakutana na aliyejibu.

Hapa twaona kwamba kipimo hiki si kile cha kuuliza tu, "Je, imekatazwa?" Kuna mambo mengi ambayo hayajakatazwa na sheria yoyote, na mtu huyaficha Mungu. Vijana hucheza kamari kwa simu chini ya blanketi, nayo serikali imeiruhusu na kuitoza kodi. Mume hutunza chuki dhidi ya ndugu yake kwa ajili ya kiwanja cha baba yao, na hakuna polisi wa chuki. Lakini asikie wimbo unaohusu msamaha, utaona midomo yake inafungwa katika beti ile.

Tuseme sasa habari ya uganga, kwa kuwa hatuwezi kuandika juu ya majaribu katika Upare tukaipita kimya. Jakob Dannholz, mmisionari wa Leipzig aliyekaa Mbaga, aliandika kitabu juu ya dini ya Wapare kilichochapwa mwaka 1916; na Ernst Kotz, mmisionari wa Waadventista katika nchi hii hii, akaandika chake kilichochapwa mwaka 1922. Wawili hao hawakuwa wa kanisa moja, wala hawakukubaliana katika mambo mengi. Lakini katika majina ya vitabu vyao wote wawili walitumia neno moja la Kijerumani, lenye maana ya kifungo, kushikwa usiweze kutoka: mmoja alisema kifungo cha imani ya mizimu, mwingine kifungo cha hofu. Twaweza kuwalaumu wazungu wale kwa kutokuyaona mema mengi ya baba zetu, na lawama hiyo ni halali. Hata hivyo juu ya hofu hawakukosa. Mtu aliogopa wafu wake, akaogopa jirani, akaogopa mtoto aliyeota meno ya juu kwanza.

Tangu Walutheri walipofika Shigatini mwaka 1900 zimepita zaidi ya miaka mia na ishirini. Dayosisi ya Pare ina maaskofu na wachungaji wake yenyewe tangu mwaka 1975. Hofu ile je, imekwisha? Mtoto akishikwa na degedege usiku, mama humpeleka hospitali, ni vema. Kisha, mtoto akiwa kitandani hospitali, shangazi hupewa fedha kidogo na kanga kuukuu, akatumwa kwingine kabla hakujapambazuka. Hatusemi habari za miti shamba. Jani la kutuliza tumbo ni dawa kama dawa nyingine, na bibi zetu walijua mengi. Twasema habari ya kwenda kuuliza ni nani aliyemroga mtoto.

Mama huyo hakuacha kumwamini Mungu. Mwulizeni, atawaambia amesali usiku kucha, na ni kweli. Ila anataka mlango wa pili, ikiwa ule wa kwanza hautafunguliwa. Na jambo lile la mlango wa pili hatalisema katika sala yake, kwa kuwa hawezi kusema, "Bwana, nakuamini, na kwa sababu huenda usitende nimemtuma shangazi." Lakini twaona kwamba angalisema maneno hayo hayo, angalikuwa karibu na Mungu kuliko alipokuwa akisema maneno mazuri. Yule baba wa mtoto mwenye kifafa, katika Marko sura ya tisa, alimwambia Bwana imani yake na kutokuamini kwake kwa pumzi moja. Naye Bwana hakumfukuza, bali alimponya mwanawe. Hofu iliyosemwa mbele za Mungu haina haja tena ya kutafuta njia ya usiku.

Mtu mwerevu atatuambia, "Basi nitasema kila kitu kwa Mungu, kisha nitaendelea nacho. Nitataja shamba la juu, nami nitamwomba alibariki." Wapo, nasi tumesikia ya kwamba wapo wasalio ili mzigo upite salama kwenye kizuizi. Huko si kumkaribia Mungu. Kumtajia mtu jambo lako ukiwa umeziba masikio ni sawa na kumpigia kelele. Mfalme Daudi, katika Zaburi ya 32, atoa ushuhuda kwamba wakati alipoificha dhambi yake mwili wake wote ulidhoofika, usiku na mchana. Na nafuu ilikuja siku aliyoitamka. Lakini aliitamka kwa Mungu awezaye kujibu, naye alikuwa amekwisha kumsikia nabii Nathani akisema naye uso kwa uso. Asemaye na Mungu yampasa kumwachia Mungu nafasi ya kusema.

Tena tuangalie jinsi Petro alivyoanguka. Saa chache kabla ya jogoo kuwika alikuwa na nguvu nyingi mno, alichomoa upanga. Nguvu hazikumpungukia. Injili ya Luka yatuonyesha ya kuwa baada ya Bwana kukamatwa Petro alimfuata toka mbali, akaketi motoni pamoja na watu wa adui zake ili apate joto. Kati yake na Bwana palikuwa na ua wa nyumba. Umbali ule ulitosha, kijakazi mmoja akamwangusha. Yuda naye, katika Yohana, alitoka nje, na mwandishi aongeza kwamba ilikuwa usiku. Lakini injili hiyo hiyo yatuambia juu ya mtu mwingine aliyetembea usiku, Nikodemo. Yeye alikuwa na hofu ya watu kama mtu awaye yote, ila hofu yake aliichukua akaenda nayo kwa Yesu. Usiku ni ule ule, na njia ni mbili.

Basi turudi kwenye ndiva. Tumesema ya kuwa mwizi wa maji huenda usiku. Tusisahau ya kuwa ndiva nayo hujaa usiku. Hakuna mkulima aendaye kuchimba bwawa siku ambayo mahindi yamekauka. Maji ya mchana ni yale yaliyoingia polepole gizani, pasipo kelele, wala hakuna aliyeyaona yakiongezeka. Ndivyo ilivyo sala ya kila siku. Aliyezoea kumwambia Mungu mambo madogo, kwamba amekasirishwa na mkewe, kwamba amemwonea wivu jirani kwa bati zake mpya, kwamba mizani yake sokoni haikuwa sawa, mtu huyo siku ya jaribu kubwa hana lugha mpya ya kujifunza. Ataendelea tu na mazungumzo yaliyokwisha kuanza. Na asiyezoea, siku hiyo atatafuta maneno asiyaone, maana kwa miaka mingi alimpelekea Mungu maneno ya sikukuu tu.

Na ndiva huzolewa tope. Wote wenye zamu huitwa na majembe yao, na asiyekuja hutozwa. Tope lisipotolewa, bwawa laonekana limejaa, kumbe kina chake kimekuwa shubiri moja. Twawaomba wainjilisti walifikiri jambo hili wanapowafundisha watu maungamo. Kanisa letu halikufuta kuungama mbele ya mchungaji au ndugu; Luther aliyaacha maungamo katika Katekisimo yake, ila alikataa mtu kulazimishwa kuhesabu dhambi zake zote. Sisi katika sharika nyingi tumebaki na ungamo la pamoja la Jumapili, ambalo ni jema, lakini ni rahisi kulisema ukiwa na shamba la juu. Twajua pia kwa nini watu hawaji kuungama faraghani. Wanaogopa kwamba neno walilolisema Jumanne litasikiwa kisimani Jumatano. Mwinjilisti asiyeweza kufunga kinywa chake amewafungia wengi mlango wa Mungu, nasi twasema hivyo bila kupunguza.

Neno moja kwa ajili ya wenye dhamiri nyepesi, maana wakisoma karatasi hii wao ndio watakaoumia, na wale wengine watalala vizuri. Kujaribiwa si ishara ya kuwa mbali na Mungu. Bwana Yesu alitoka katika maji ya ubatizo, sauti ya Baba ikiwa ingali masikioni mwake, akaongozwa na Roho mpaka jangwani, akajaribiwa siku arobaini. Hakuna aliyekuwa karibu na Mungu kama yeye. Mawazo mabaya yatakuja. Katika maelezo yake ya Baba Yetu ya mwaka 1519 Luther akumbusha habari ya mzee mmoja wa kale aliyemfundisha kijana aliyesumbuliwa na mawazo, akamwambia ya kuwa huwezi kuwazuia ndege kuruka juu ya kichwa chako, ila waweza kuwazuia wasijenge kiota katika nywele zako. Nasi tungeongeza kwamba ndege huogopa pahali penye mtu anayesema. Wewe uliyepatwa na wazo baya jana ukamkimbilia Mungu nalo ukiona haya, usihuzunike; ulifanya jambo lile lile ambalo twajaribu kulifundisha kwa kurasa hizi.

Yabaki habari ya yule mzee. Alipoondoka kwetu alikwenda nyumbani, na jioni ile, mbele ya mkewe na wajukuu, alilitaja shamba la juu katika sala. Hatujui alitumia maneno gani. Alitueleza baadaye kwamba mkewe alilia, na kwamba yeye mwenyewe hakulala, kwa kuwa sasa Mungu alikuwa amelijua shamba lile kutoka kinywani mwake. Miti hakuing'oa siku hiyo. Karo ya mjukuu mmoja ilikuwa imetoka humo, na deni la mwingine lilikuwa likingoja. Aling'oa safu moja, kisha nyingine, na watu wa kijiji wakaanza kuuliza.

Hapa usharika hauna ruhusa ya kusimama kando na kusema Haleluya. Nchi ya Mamba Miamba yajulikana kwa tangawizi yake, na ardhi ya mzee huyu yafanana na ile. Lakini tangawizi hukaa ardhini miezi minane, tisa au kumi kabla ya kuchimbwa, nayo yahitaji mbegu nyingi kwa kuanzia na maji ya mfereji. Katika miezi hiyo nyumba yake itakula nini? Ni nani katika wenye zamu atakayempa nusu siku ya maji, na ni nani mwenye gunia la mbegu za kukopesha mpaka mavuno? Mambo hayo tumeyaandika katika orodha ya mkutano wa wazee wa usharika, baada ya hesabu ya sadaka na kabla ya habari ya bati za paa.